Jua Hutokea Menengai



Nikimwambia mtu kwetu ni Rongai, ananipeleka Rongai isiyo yangu. Mkaazi wa Nairobi hunishusha Ongata Rongai, kwenye matatu za muziki mzito na foleni za jioni. Mpanda milima hunivusha mpaka hadi Tanzania, kwenye ile njia ya Rongai ya kupandia Kilimanjaro kutoka kaskazini. Siwalaumu. Jina ni la Kimaasai, maana yake chembamba, na Wamaasai walichunga ng'ombe kote huko. Rongai yangu mimi ni ya kaunti ya Nakuru. Unatoka mjini Nakuru kwa barabara kuu ya Eldoret, ukikaribia Salgaa ya malori unakata kulia, unapita mashamba ya mahindi, halafu unaiona reli na maduka yaliyojipanga karibu nayo. Hapo ndipo kwetu.

Si mji wa watalii. Sijawahi kumwona mgeni akishuka pale na kamera shingoni. Kinachotoka Rongai ni mahindi na maziwa, na vijana wanaokwenda kutafuta kazi. Hata hivyo jina letu limesafiri kuliko sisi wenyewe. Huko Australia kuna aina ya fiwi, ndiyo njahi kwa jina la sokoni kwetu, ambayo wakulima wanaiita Rongai. Mbegu ilichukuliwa kwetu, ikatolewa rasmi kwa wakulima wa huko mwaka 1962, na ng'ombe wa Australia wakanenepa kwa malisho yenye jina la kijiji chetu. Nilipolijua hilo nilikuwa mtu mzima, na nilifurahi siku nzima kana kwamba ndugu yangu amepata kazi ng'ambo.

Nilikulia kando ya reli hiyo. Ndiyo njia iliyofika Eldoret mwaka 1924, na ikitoka kwetu inaanza kupanda, inapanda, mpaka Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Sisi watoto tuliitumia kwendea shule. Mataruma yalikuwa yamepangwa kwa hatua ya mtu mzima, na miguu yetu haikufika, kwa hivyo uliruka taruma moja, ukakanyaga kokoto, ukaruka tena. Gari la mizigo likija kutoka Nakuru ulilisikia mapema likihema, tukashuka kwenye nyasi tukahesabu mabehewa. Mpaka leo nikitembea nikiwa na mawazo mengi, mguu wangu hurudia ule mwendo.

Sasa msikilizaji, ninayetaka kukueleza habari zake jioni hii ni mama yangu.

Mama aliolewa Rongai, na ameishi hapo miaka 40 na ushei. Mlango wa jikoni mwake unatazama mashariki, na mashariki ya Rongai ni Menengai. Kutoka kwetu huoni shimo la kreta yake. Unaona mlima mpana uliolala, wa kijivu asubuhi na wa zambarau jioni, na jua hutokea nyuma yake. Mama anausoma mlima huo kama wengine wanavyosoma kalenda. Desemba jua hutokea mkono wa kulia wa mlima. Juni hutokea mkono wa kushoto. Likifika katikati, hapo ni Machi, na mama anajua mbegu ziwe tayari ndani ya nyumba hata kama mbinguni hakuna wingu. Hakufundishwa hayo na mtu wa shule. Aliyaona mlangoni pake, mwaka baada ya mwaka, mkononi akiwa na ndoo ya kukamulia.

Na katika miaka yote hiyo hakuwahi kufika huko juu.

Mimi mwenyewe nilifika nikiwa mtu wa kazi, nimekuja na wenzangu wa Nairobi waliotaka kuona kreta. Nilisimama ukingoni, nikampigia simu. Nikamwambia, "Mama, niko juu ya mlima wako." Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Na huko nyuma kuna nini?"

Swali hilo halikunitoka. Wageni wanavuka bahari kuja kuona huko nyuma kuna nini. Mama yangu aliuamkia mlima ule kila siku, na alikuwa akiniuliza mimi kwa simu. Nikaona aibu, na nikaahidi kwamba likizo yangu ijayo itakuwa yake.

Basi tukaenda. Kutoka mjini Nakuru ni kilomita chache tu, unapita nyumba za Milimani, unaingia kwenye miti, unapanda, na ghafla ardhi inakwisha. Kreta ya Menengai ina upana wa kama kilomita 12 kwa 8. Kutoka ukingoni hadi chini kuna mahali panafika karibu mita 500. Sakafu yake si tambarare kama nilivyodhani utotoni niliposoma neno kreta shuleni. Ni mawe meusi ya lava yaliyoviringana na kupasuka, na vichaka vimejishika katikati yake, na huku na huku mvuke mweupe unapanda polepole. Hakuna kelele. Upepo peke yake, na mwewe anazunguka chini ya miguu yako, jambo ambalo mama hakuwahi kuliona, kumtazama mwewe mgongoni.

Kijana aliyekuwa akitutembeza alitusimulia kisa kinachosimuliwa na wote. Karne ya kumi na tisa Wamaasai walipigana wao kwa wao, Wapurko na wenzao upande mmoja na Walaikipiak upande mwingine, na Walaikipiak wakashindwa. Inasemekana morani wao walisukumwa mpaka ukingoni hapo wakaporomoka, na mvuke ule ni roho zao zikitafuta njia ya kupanda. Jina Menengai lenyewe linahusishwa na neno la Kimaasai la maiti. Kijana alisimulia vizuri, kama anavyosimulia kila siku. Wageni wengine walipiga picha. Mama alisema kwa sauti ndogo, "Hao walikuwa watoto wa watu."

Kijana akanyamaza. Sote tulinyamaza.

Mvuke huo siku hizi una kazi. Tangu mwaka 2011 Shirika la Ustawishaji wa Jotoardhi limekuwa likichimba visima ndani ya kreta, na mwaka 2023 mtambo wa kwanza wa megawati 35 ulianza kutoa umeme. Na kando ya ukuta wa kreta kuna mapango ambamo watu hujifungia kwa siku kadhaa wakifunga na kusali. Mama hakushangazwa na lolote kati ya hayo. Alichotaka yeye ni kingine. Aliupa mgongo uzuri wote ule wa kwenye picha za kalenda, akaweka kiganja juu ya macho, akatafuta magharibi. "Nyumbani ni wapi?" Tukatafuta pamoja. Kulikuwa na ukungu wa vumbi, na mabati yaking'aa mbali sana kama vipande vya kioo, na huenda mojawapo lilikuwa letu. Alichagua moja, akalionyesha kwa kidole, na mimi nikakubali.

Tuliposhuka nilimpeleka Hyrax Hill, kilima kidogo cha pimbi upande wa mashariki wa mji, kando ya barabara ya Nairobi. Huko watalii si wengi, na ni kosa letu sote. Mwanaakiolojia Louis Leakey alikitambua kilima hicho mwaka 1926, na Mary Leakey akachimba hapo kuanzia 1937. Walikuta makaburi, vyombo, na yale mashimo ya Wasirikwa ambamo watu wa kale walilaza mifugo yao. Tangu 1943 ni mahali palipohifadhiwa kisheria, na jumba dogo la makumbusho lilifunguliwa mwaka 1965. Ukipanda juu ya mawe utawakuta pimbi wenyewe wanaota jua, wamenona kama mikate, wanakutazama bila hofu.

Kuna jiwe moja pale nataka ulione, msikilizaji. Juu yake kumechongwa bao. Si mbao, ni mwamba wenyewe ulio ardhini, na vishimo vimepangwa kwa safu, vimelainika kwa vidole vya watu tusiowajua. Mama aliinama, akaingiza kidole cha shahada katika kishimo kimoja, akakizungusha. Kikamtosha. Marehemu baba alikuwa mchezaji wa bao, na Jumapili alichimba vishimo uani kwenye udongo, kuku wakaja kuvifukua, akavichimba tena. "Huyu alichoka na kuku," mama akasema. Akakaa juu ya jiwe karibu na lile bao, na tulikaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote siku hiyo.

Ndipo kijana wa makumbusho alipotueleza jambo ambalo limenifanya nizungumze nawe leo. Alituonyesha chini ya kilima, akatuambia kwamba maelfu ya miaka iliyopita maji ya ziwa yalifika hapo. Mvua zilikuwa nyingi, na Ziwa Nakuru na Ziwa Elementaita yalikuwa ziwa moja refu na la kina kirefu. Watu wa kilima hiki waliishi ufukweni. Leo ziwa liko kilomita kadhaa kutoka hapo.

Na sasa ziwa linarudi.

Nililiona Ziwa Nakuru kwa mara ya kwanza nikiwa darasa la sita. Shule ilikodi basi, wazazi wakachangishwa, na wengine wetu tulivaa viatu vya ndugu zetu. Tulipofika ufukweni mwalimu alituambia tushuke, kwa sababu wakati ule uliweza kutembea kwenye tope jeupe lililokauka karibu na maji. Mbele yetu palikuwa na ukanda wa rangi ya waridi, mrefu, ukizunguka ziwa lote. Nilidhani ni maua. Kisha maua yakasogea. Heroe, au flamingo kama tunavyowaita wote, walikuwa wengi kiasi kwamba sauti yao haikuwa ya ndege. Ilikuwa kama ya soko la mbali. Na harufu, ee, ile harufu ya chumvi na kinyesi na samadi ya maji, ukiipata siku moja hutaisahau. Nilirudi Rongai na unyoya mmoja ndani ya daftari la hesabu.

Ziwa hilo lilifanywa hifadhi ya ndege mwaka 1960, na likawa mbuga ya taifa mwaka 1968. Mwaka 1990 lilikuwa la kwanza nchini kuingizwa katika orodha ya maeneo chepechepe ya Ramsar. Mwaka 2011 likatambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia, pamoja na Bogoria na Elementaita. Siri ya heroe ilikuwa kina kifupi na magadi. Maji yenye magadi mengi huotesha mwani mdogo wa kijani ambao ndio chakula chao. Hawazaliani pale. Kuzaliana huenda mbali, hasa Ziwa Natron, Tanzania. Nakuru palikuwa kwao mezani.

Kuanzia karibu mwaka 2010 maji yakaanza kupanda, wala hayakurudi. Lango kuu la zamani na ofisi zake vilifunikwa. Barabara zikaingia majini. Ziwa lilikaribia kuwa mara mbili ya lilivyokuwa, na mitaani kama Mwariki watu waliamka wakakuta maji mlangoni, wakahama na vitanda vichwani. Wataalamu waliochunguza maziwa yetu ya Bonde la Ufa kwa niaba ya serikali walitoa ripoti mwaka 2021, wakataja hasa mvua zilizozidi kwa sababu ya mabadiliko ya hali ya hewa, pamoja na msitu uliokatwa Mau na udongo unaoteremshwa na mito. Maji yalipozidi, magadi yakapungua nguvu, chakula kikapungua, na heroe wengi wakahama.

Kwa hivyo nilimpeleka mama kwenye ziwa ambalo si lile nililokuwa nikimsimulia. Nilikuwa nimemsimulia miaka mingi, unajua, kila nikirudi nyumbani, na ule unyoya aliutunza ndani ya Biblia. Tulipita kwa gari kando ya maji. Migunga mikubwa, ile ya magome ya manjano, ilikuwa imesimama ziwani imekufa, myeupe, mamia kwa mamia, na juu yake wamekaa mwari na mnandi. Heroe walikuwepo wachache, mstari mwembamba ng'ambo. Nilianza kuomba radhi. Nikamwambia, "Mama, zamani haikuwa hivi." Yeye alikuwa ameshusha kioo, anatazama miti ile. Akasema, "Si ulimsikia yule kijana? Haya maji yalikuwa na kwao."

Sikumjibu. Nilimfikiria yule mtu aliyechonga bao. Pengine aliwahi kuyaona maji yakiondoka chini ya kilima, msimu baada ya msimu, akahuzunika kama mimi.

Sisemi kwamba mama alilifurahia ziwa lililoharibika. Alihuzunikia watu wa Mwariki kuliko ndege, na alifurahi sana kumwona kifaru na mwanawe wakila nyasi kama ng'ombe wa mtu. Lakini mimi nilikuwa nimebeba ziwa la darasa la sita miaka yote hiyo, nikaliona hili la sasa kama mwizi. Yeye aliliona kama lilivyo.

Hapa nina neno moja kwa wanaohusika na utalii wa kaunti yetu, na ninalisema kwa mapenzi. Kiingilio cha mwananchi si kama cha mgeni, na hilo ni jema. Lakini ndani ya mbuga ile huruhusiwi kutembea kwa miguu, na hakuna matatu inayoingia. Mtu wa Rongai asiye na gari hana njia ila akodi, na gari la kukodi ni mshahara wa wiki kadhaa. Basi moja la Jumapili, likitoka stejini Nakuru asubuhi na kurudi alasiri, lingewaingiza mama zetu wengi ambao wameishi maisha yao yote wakisikia jina la ziwa hilo kwenye redio. Pengine wananisikiliza hivi sasa.

Siku ya pili tulielekea kaskazini, barabara ya Marigat. Hii ndiyo safari ninayoipenda kuliko zote, na najua watu wa Naivasha watanung'unika, maana wana Hell's Gate na viboko wao na mbio za magari, na watu wa Nyahururu watanikumbusha maporomoko yao ya mita 74. Wote wana haki. Lakini hakuna njia inayobadilika haraka kama hii. Unaacha baridi ya Nakuru, unapita Kampi ya Moto, na mlima wa Menengai sasa uko nyuma yako. Mashamba ya mkonge yanaanza, safu zilizonyooka mpaka jicho linachoka. Mogotio unakaribia mstari wa ikweta, na kibao chake kiko kando ya lami. Baada ya hapo joto linapanda ndani ya gari kama mtu amefungua tanuri. Udongo unakuwa mwekundu, kisha mweupe. Mbuzi wanasimama kwa miguu miwili kula mgunga. Na kando ya barabara wanawake wamepanga chupa za asali ya Baringo, nyeusi, nzito, na ukinunua lazima uonje kwanza kwenye kiganja.

Mama alikuwa amebeba mayai sita ya kuku wake, ameyafunga kwenye leso. Alisikia kwamba Bogoria watu huchemsha mayai kwa maji ya ardhini, na hakutaka kununua ya mtu. Tulifika ziwani. Chemchemi nyingine siku hizi zimefunikwa na ziwa lililopanda, unaona tu maji yanatokota katikati ya maji, lakini kwenye ukingo bado zipo zinazochemka kweli kweli, zinaruka na kutema mvuke wenye harufu ya kiberiti. Tuliyatia mayai katika mfuko wa neti wa vitunguu, tukaufunga kwenye fimbo ndefu. Mama alishika fimbo kwa mikono miwili, uso umelowa mvuke, hasemi. Baada ya dakika kumi hivi akavuta. Alimenya yai la kwanza pole pole, na lilikuwa limeiva barabara, kiini kimeshikana. Akaligawa vipande viwili. Nimekula mayai mengi maishani. Lile ninalikumbuka.

Na huko Bogoria heroe walikuwepo, maelfu, ile rangi ya waridi niliyoipoteza Nakuru. Niliwatazama mpaka machozi yakanilenga.

Ramani za wakoloni ziliandika Ziwa Hannington, kwa jina la askofu aliyepita hapo mwaka 1885 akielekea Uganda, akauawa Busoga. Lakini ziwa lilikuwa na wenyewe. Waendorois waliishi ufukweni na wanaamini kwamba roho za waliowatangulia zinakaa ndani ya ziwa hilo, popote pale mtu alipozikwa. Miaka ya 1970 waliondolewa ili pawe hifadhi ya wanyama. Walipeleka kesi yao hadi Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na mwaka 2010 ikatangazwa kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa. Kwa hiyo ukienda Bogoria, msikilizaji, na ukafurahi kama nilivyofurahi, jua kwamba unatembea kwenye makaburi ya watu walio hai na wanaodai. Mama, alipoyasikia hayo, alikusanya maganda ya mayai yote akayarudisha kwenye leso.

Baringo tulifika jua likiwa limeinama. Kampi ya Samaki, maji ya rangi ya chai ya maziwa, kisiwa cha Ol Kokwe mbele. Hili ni ziwa la maji baridi, la kambare na mamba, na lenyewe limepanda hata mapaa ya hoteli na nyumba yakabaki yakichungulia. Mwaka 2020 watu wa huko waliogopa kwamba Baringo na Bogoria yangekutana. Wavuvi wa Ilchamus bado wanatoka na vile vidau vyao vya miti myepesi iliyofungwa pamoja, mtu anakaa ndani yake maji yakiwa yanapita kati ya miti, anapiga kasia kwa vibao viwili vidogo mikononi. Mmoja alipiga mluzi, akarusha samaki, na tai mwenye kichwa cheupe akashuka kutoka ng'ambo akamnyakua samaki majini. Mama alipiga makofi kama mtoto.

Kasri la Egerton, kule Njoro, tulilipitia siku ya kurudi, kwa haraka. Bwana Maurice Egerton alianza kulijenga mwaka 1938, likamalizika 1954, vyumba 52, naye akafa mwaka 1958. Inasimuliwa kwamba alilijenga kwa ajili ya mwanamke aliyemkataa, na tangu hapo hakutaka mwanamke akanyage kwake. Leo ni la chuo kikuu kilichokua kutoka shule yake ya kilimo ya mwaka 1939. Mama alitembea chumba hadi chumba, akauliza nani alikuwa akifagia. Ni swali la haki, na ningependa siku moja kibao cha mlangoni kilijibu.

Tulifika Rongai usiku. Asubuhi niliamka nikamkuta mlangoni pa jikoni, ndoo mkononi, kama kawaida. Ilikuwa Desemba, na jua lilitokea mkono wa kulia wa mlima. Jirani alikuwa amekuja kuomba moto. Mama alimwonyesha Menengai kwa kidole, kisha akaweka ndoo chini, akafungua mikono yote miwili kumwonyesha ukubwa wa shimo lililo nyuma yake. Jirani akauliza nauli ni pesa ngapi.

Kabla ya Pasaka chama chao cha akina mama kilichanga, kikakodi matatu ya viti kumi na vinne. Niliambiwa kwa simu. Kondakta alipomwona mama akipanda alimwambia, "Shosho, kaa huku mbele," naye akakaa mbele, kando ya dereva, leso yenye mayai mapajani, akimwelekeza njia ya kupandia mlimani.